Msumari Katika Kitambaa Cheupe

Mirongo, Mwanza
Jumapili, 10 Novemba 2024

Kaka yangu mpendwa Projest,

Shikamoo kaka. Nakusalimu wewe, wifi yangu Nice na watoto wote, na ninauliza mmeamkaje huko Dodoma. Goti lako lile la mpira limetulia, au bado unalidanganya kwa dawa za kuchua? Na mtoto mdogo ameacha kukohoa? Sisi huku hatujambo kabisa. Mvua zimeanza, mawe ya mji mzima yameoshwa yanang'aa, na ziwa limejaa mpaka wauza samaki wamesogeza meza zao nyuma. Baba anakula, analala, na kila asubuhi anagombana na jirani juu ya mfereji wa maji machafu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na afya yake.

Najua kitambaa cheupe umeshakifungua kabla ya kusoma hata mstari mmoja, maana tangu utoto huwezi kuvumilia kitu kilichofungwa. Najua pia wifi amekiona. Barua ikifika imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe hakuna asiyejua maana yake, na mimi dada yako nimeshachelewa kiasi cha watu kuacha kuuliza, kwa hiyo nadhani sasa hivi amejaza pumzi ya vigelegele. Mwambie aishushe kwanza. Na msumari uliomo ndani usiutupe wala usiutundikie kalenda, nitaufikia. Soma kwa utaratibu, usirukie mwisho.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hunikata kauli nikiwa sijafika popote, halafu unasema mtandao unasumbua. Tena Baba amekataa katakata jambo hili lipite kwenye simu. Ameniambia niandike kwa kalamu, niifunge, nimpe dereva wa basi mkononi. Sababu yake utaiona.

Nianze na banda. Uliponieleza kwa simu mwezi wa nne kwamba umempata mtu wa kulipanga banda la uhunzi la Baba afungue duka la vifaa vya simu, nilikujibu sawa tu. Lakini kuna neno lako moja nililishika. Ulisema ukija Krismasi ukakuta moto unawaka, na aliyeshika nyundo ni mtu wa nyumba hii na siyo kibarua wa kuokoteza, utamwambia yule mpangaji atafute kwingine. Nilikuwa nimeweka spika. Baba alikuwa pembeni yangu akasikia yote, akasema umesema haki. Kisha akasukuma sahani yake akaenda kukaa bandani peke yake, na mle ndani hamkuwa na kitu zaidi ya jivu la zamani, mivukuto ya kupulizia moto iliyotoboka na kipande cha reli.

Sikulaumu kwa ile fuawe ya zamani, kaka, lile chuma ambalo Baba alifulia juu yake maisha yake yote. Mikono ya Baba ilipoanza kutetemeka uliona vyuma vimekaa bure, ukawauzia watu wa chuma chakavu, ukamnunulia televisheni kubwa ili asichoke na upweke. Ulifanya kwa mapenzi na yeye anajua. Ila nikwambie ukweli ili ucheke: ile televisheni aliifunika kwa kitenge cha marehemu Mama, kile cha maua ya njano, akaweka kiti mbele yake, na juu ya kiti akaweka redio. Akawa anakaa hapo kila jioni anaisikiliza redio.

Basi nikaamua kuvirudisha vyombo. Siyo vilevile, maana hivyo vilishayeyushwa zamani vikawa nondo, bali ndugu zao. Unajua dukani kwetu nauza nyundo, tupa na misumeno kila siku, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Nikaanza kuzunguka Jumamosi mchana kwenye yadi za chuma chakavu na minadani, nikiongozana na Mihayo, yule Msukuma mwenye mkokoteni anayetuletea saruji dukani. Yeye ndiye anayejua kila rundo la vyuma kuanzia hapa mpaka Ilemela. Alinipa jina la Dada Kutu, na sasa yadi nzima wananiita hivyo.

Ununuzi wangu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Niliona fuawe ndogo imepakwa rangi ya bluu, inang'aa, muuzaji anaisifu kama anaoza binti yake. Nikainunua bila hata kuigonga. Mihayo alinitazama tu akavuta mkokoteni. Tulipofika nyumbani Baba aliizunguka mara moja, akaomba nyundo ya kupigilia misumari, akaigonga pembeni. Ikatoa sauti kama sufuria la uji. Akagonga tena, na pembe yake ikadondoka miguuni kwake. Kumbe ilikuwa chuma cha kumimina kwenye kalibu, tena cha ovyo, imepakwa rangi kuficha ufa. Nilitaka kulia, kaka, lakini Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mama, nikaona pesa yangu haikupotea.

Kuanzia siku hiyo akaanza kunifundisha kuvitambua vyombo. Akasema nisiogope kutu, kutu inasuguliwa ikatoka, niogope ufa. Nyundo iliyotanuka kichwa kama uyoga ni nzima, inahitaji kunolewa tu. Koleo lazima nilifungue na kulifunga nikiwa nimefumba macho, nisikie kama riveti yake inalegea. Jiliwa la kubania chuma nisilitazame taya, nitazame skrubu yake, maana taya hunolewa lakini skrubu iliyolika ni basi. Mpini mweusi uliolainika kwa jasho nisiubadilishe hata kama ni mbaya, kwa sababu mtu aliyeutumia miaka yote hiyo alikuwa ameridhika nao. Na fuawe nibebe gololi ya beringi mfukoni, niidondoshe juu yake: ikiruka na kurudi karibu na mkono wangu, hapo nianze kuulizia bei, ikidondoka na kulala, niage niende zangu.

Taratibu banda likaanza kujaa. Makoleo mawili ya mdomo mrefu niliyapata yakitumika kugeuzia mishikaki. Jiliwa zuri la mguu lilikuwa limeshikilia mlango wa banda la mbuzi. Kila nilicholeta nilikiweka mezani mbele ya Baba, naye alikiinua karibu na sikio, akakigonga kwa kucha. Kibaya alikisukuma kando, kizuri alikiweka mapajani akaendelea kusikiliza redio nacho. Nilikuwa namchungulia kutoka jikoni nikisubiri kuona kitawekwa wapi, kama nasubiri matokeo ya mtihani.

Fuawe ndiyo iliyonisumbua. Miezi ilikwenda nikipata vipande vya reli tu. Halafu Jumapili moja tulikwenda Misungwi na Mihayo kutazama majembe mabovu ya kukokotwa na ng'ombe. Tulikuwa kwenye njia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba nikasikia kengele ya kanisa kwa mbali. Kaka, nilisimama. Vijijini wanagonga rimu au reli, na sauti ya rimu unaijua, inakufa palepale. Hii ilikuwa inaimba. Nikamwambia Mihayo tuifuate, akanijibu kwamba hakujua kama nina wokovu kiasi hicho.

Tukakuta kanisa dogo la matofali, na nje, juu ya kisiki cha mkwaju, imekaa fuawe nzima, ndefu, pana, uso wake umenyooka, na kijana wa kwaya anaigonga kwa bolti kubwa. Niliingia ibadani kwa heshima, nikakaa mpaka baraka ya mwisho, lakini Mungu anisamehe, sikusikia mahubiri. Walipotoka nilimwomba mzee wa kanisa, Mzee Yeremia Chenge, niidondoshee gololi. Akadhani ni namna ya kuomba, akaniruhusu. Iliruka ikarudi kwenye kiganja changu.

Mzee Chenge alinieleza kwamba ilitoka kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa, baba yake na wenzake wakaivuta kwa ng'ombe mpaka pale. Nilipotaja kuinunua alinijibu kwa upole kwamba kengele ya kanisa haiuzwi, imeshaombewa, na kijiji kizima kinaamkia sauti hiyo. Nikaona ana haki. Nikarudi nyumbani, nikamsimulia Baba, na yeye siku iliyofuata akavaa koti lake la harusi akaniambia tunakwenda Misungwi.

Alizungumza na wazee wa kanisa wale kwa saa nzima chini ya paa la mbele, na mimi nikiambiwa nikae na akina mama. Walichokubaliana ni hiki: pesa hawataki, lakini tukiwaletea kengele ambayo kwaya yao itakiri kwamba inaimba vizuri kuliko ile, na inasikika mbali zaidi, tutaichukua fuawe. Mwamuzi akawekwa Hellen, mwalimu wa kwaya, mama mmoja mwembamba ambaye hacheki ovyo.

Tulianza na rimu ya lori. Hellen aliisikiliza mara moja akasema inakohoa. Tukapeleka reli nzuri kabisa, tukaitundika, ikagongwa, na watoto wote wa shule ya msingi ya jirani wakaja mbio wakidhani wameitwa mstarini. Wazee walicheka mpaka wakatoa leso, lakini reli ikakataliwa. Hapo ndipo Baba alipokumbuka mtungi wa hewa wa wachomeleaji. Mihayo akaupata mkuukuu, umeshatupwa. Baba akasimamia ujazwe maji kwanza pomoni kabla ya mtu kuusogezea msumeno, usije ukalipuka, na hakutaka mashine yoyote iuguse.

Na hapa ndipo anapoingia fundi wetu. Jina nitakutajia mbele. Kwa sasa ujue tu kwamba Baba alimpata, akamkubali, na siyo mtu wa kuokoteza. Ni mkaidi, ana haraka, ameshaungua vidole mara kadhaa, na akianza kuimba akiwa kazini hanyamazi. Baba alikuwa ameshashona upya ngozi ya mivukuto na kuwasha moto, akakaa kwenye kigoda na fimbo yake anaelekeza na kugombeza. Fundi alikata kitako cha mtungi kwa msumeno wa mkono jioni baada ya jioni, akalainisha ukingo kwa tupa, akafua juu ya kile kipande cha reli cha bandani ulimi mnene wa kugongea na pete ya kutundikia. Ulimi wa kwanza ulipinda. Wa pili Baba aliuita mgonjwa. Wa tatu aliuweka mapajani.

Ungekuwepo siku ya kuipeleka, kaka! Waliitundika kwenye mti, Hellen akasimama na kwaya yake, kijana akavuta kamba. Sauti ilitoka pana, tamu, ikaenda ikapita mashamba. Hellen akaifuata kwa sauti yake, kwaya ikaingia, na yule mama asiyecheka akacheka. Wazee walikuwa wamemweka mtu kilimani kusikiliza, lakini hakuhitajika, maana alitokea bibi mmoja wa mwisho wa kijiji anayechelewa ibada kila Jumapili kwa kisingizio kwamba kengele haimfikii. Alifika akihema, amekasirika, akauliza ni nani aliyefanya jambo hilo, kwamba sasa amenyang'anywa usingizi wake. Mzee Chenge alimshika Baba mkono akasema chukua fuawe yako. Wakatupatia na ile bolti waliyokuwa wakiigongea. Kwaya ilitusindikiza mpaka barabara kubwa, wakiimba nyuma ya pikapu.

Sasa kaka, vuta kiti.

Tulipofika hapa Mirongo vijana walishika fuawe waiingize ndani, Baba akasimama langoni na fimbo akasema haiingii. Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia, kwamba kwa babu zetu kule Muleba fuawe mpya haikuingia nyumbani kama mzigo. Ililetwa kama bibi harusi. Ililazwa kwa jirani, ikafunikwa nguo, ukoo ukaja na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kahawa ya kutafuna, na ndipo mhunzi akaipokea mlangoni, kwa sababu yeye ndiye mume. Basi akaagiza iwekwe barazani kwa jirani yetu Mama Wilhelmina. Kisha akaingia ndani, akakivua kile kitenge cha Mama kutoka kwenye televisheni, akatoka nacho, akaifunika fuawe kwa mikono yake inayotetemeka. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya watu.

Lakini kulikuwa na tatizo, nalo ndilo lililomsimamisha langoni. Fuawe haiwezi kuwa bibi harusi katika nyumba hii, kaka. Fundi wetu ni mimi.

Ni mimi niliyekata ule mtungi. Ni mimi niliyeungua vidole. Unakumbuka tulivyokuwa wadogo, wewe ukiitwa kushika nyundo unatorokea mpirani, na mimi nimebaki kwenye mivukuto, kwa sababu msichana aliruhusiwa kuvukuta tu. Nimevukuta miaka mingi nikitazama mikono ya Baba kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote duniani. Siku niliyoleta koleo la kwanza alijaribu kukunja chuma kidogo, mkono ukamkatalia, akabaki ameshika nyundo hewani. Kisha akanigeuzia mpini bila kunitazama, akaniambia nipige pale alipoonyesha. Nikapiga. Akanionyesha pengine. Tangu siku ile nikitoka dukani nakwenda bandani, na tulikubaliana nisikuambie mpaka kazi ionekane.

Mafundi mitumbwi wa Kirumba wameshaona kazi yangu, wameagiza nanga na misumari mirefu. Dukani naendelea na kazi yangu, usihofu. Lakini nikishika nyundo, kaka, najisikia nimefika nilipokuwa nakwenda siku zote. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na naisema wazi.

Kwa habari ya fuawe, Baba alifikiri siku mbili akatoa hukumu. Alisema kama mhunzi ni binti, basi fuawe ndiye bwana harusi, na bwana harusi haingii nyumbani kwa msichana kabla hajaposa akajibiwa. Nikamwambia basi anijibie. Akasema hawezi, kwa kuwa ndiye aliyevaa koti akaenda Misungwi kumsemea, kwa hiyo yeye ni mshenga, na mshenga hajibu posa aliyoileta mwenyewe. Jibu litatoka kwa kaka mkubwa.

Kwa hiyo barua unayoisoma ni barua ya posa. Sasa mruhusu wifi apige vigelegele.

Sifa za mchumba ni hizi. Alizaliwa Ulaya, umri wake hajui mtu. Ana kifua kipana na pembe moja. Ukingo wake wa kushoto umemeguka kidogo, lakini sauti ni ya kweli, hana ufa popote. Alifanya kazi jineri, kisha akamtumikia Mungu muda mrefu bila kudai mshahara. Hanywi, havuti, hajawahi kuoa, na haondoki nyumbani bila watu wanne kumbeba.

Msumari uliomo kwenye kitambaa ndio kishika uchumba. Nimeufua mwenyewe kutoka kwenye ile bolti iliyokuwa ikiita watu kanisani. Ukikubali, uje nao Krismasi, uupigilie kwa mkono wako kwenye mwimo wa mlango wa banda, halafu umfungulie bwana aingie, wewe ukiwa umeshika upande mmoja. Rubisi itatoka Muleba. Ukikataa, mrudishie dereva yuleyule msumari ndani ya kitambaa hichohicho, kama ilivyo desturi, nasi tutaelewa, na yule mtu wa vifaa vya simu aje na mizigo yake. Sitakudanganya kwamba sitaumia. Nitaumia sana. Lakini neno ulilosema mwezi wa nne ulilisema Baba akisikia, kwamba ukikuta mtu wa nyumba hii ameshika nyundo. Mimi ni mtu wa nyumba hii, kaka.

Nisalimie wifi Nice na uwaambie watoto shangazi yao atawafundisha kuvukuta, wote, wa kiume na wa kike, na nyundo pia. Mama Wilhelmina anakusalimu na kukuomba usichelewe, maana kila anayepita barazani kwake anamwamkia mgeni na kuuliza harusi lini. Baba anakupa salamu nyingi, na anakushukuru kwa televisheni. Tangu ivuliwe kitenge tumekuwa tukiangalia mpira.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Prudencia Rwegasira,
mhunzi

Baba amesoma barua hii yote na miwani yake, kisha amesema kichwa cha msumari kimekaa upande kidogo, kwa hiyo ukiupiga upige taratibu.